Pembe za Kopo la Samli

Nimeacha kupanda ngazi mwaka huu. Goti la kushoto lilinikataza mapema zaidi, nikajifanya sisikii. Ninyi vijana mnaochapa mabango kwa mashine pale barabarani mmeniuliza mara nyingi kazi hii tuliifanyaje zamani, na hasa mmeniuliza picha zangu nilikuwa nazitoa wapi. Swali hilo niliwahi kuulizwa na chifu, mbele ya watu wengi, na mtu mmoja alikuwa karibu kupoteza biashara yake akisubiri jibu langu. Kwa hiyo nitalijibu polepole.

Jina langu ni Karimi. Nilizaliwa upande wa Meru, nikateremka Isiolo mwanzo wa miaka ya sabini kumsaidia mama mdogo kuuza viazi na kabeji sokoni. Sikuwa muuzaji mzuri. Mteja akisema kabeji ni ndogo, nilikubaliana naye. Nilichoweza ni kuandika. Nilichukua kipande cha boksi na mkaa, nikaandika VIAZI, na pembeni nikachora kiazi chenyewe, pamoja na macho yake na udongo uliobaki kwenye ngozi. Watu wakasimama kuangalia kiazi cha boksi, wakasahau kununua vya kwenye gunia. Mama mdogo hakufurahi.

Mmoja wa waliosimama alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma na kidole gumba cha kijani. Ni rangi ya mafuta, ilikuwa imeingia hadi chini ya ukucha na haikutoka tena mpaka anazikwa. Huyo ndiye Mzee Warsame. Baba yake aliletwa huku na wakoloni akiwa askari, akabaki. Ndugu zake wote waliingia kwenye malori. Yeye alibaki nyuma ya malori hayo na brashi, akiandika majina.

"Hii kiazi nani alichora?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Inaonekana," akasema. Akainama, akaitazama tena. "Lakini iko hai."

Shida yake ilikuwa hii. Yeye alikuwa Mwislamu wa kushika dini, na kuchora kiumbe chenye roho aliona ni mambo ya kumwachia Muumba. Herufi hakuna aliyemshinda kutoka Isiolo hadi Marsabit. Lakini wenye maduka walikuwa wameanza kutaka ngamia, mbuzi, kuku, hata simba, na kazi zilikuwa zinampita.

"Mimi naandika jina," akaniambia, "wewe unachora mnyama. Mambo ya mnyama utaongea na Mungu yako mwenyewe."

Nikamwambia Mungu wangu hana neno na mbuzi. Jumatatu nikaenda kuanza kazi.

Siku ya kwanza hakunipa mnyama. Alinipa bati kuukuu na akaniambia niandike herufi O. Nikaandika. Akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikaandika nyingine, akaifuta. Wiki nzima niliandika O na yeye akafuta, bila hasira, kama mtu anayepangusa meza. Ijumaa, kabla hajaenda kuswali, aliacha moja bila kuifuta. Nimepewa sifa nyingi baadaye, zingine kwenye karatasi yenye muhuri, lakini hiyo O ndiyo ninayoikumbuka.

Wiki ya pili ilikuwa ya ngazi. Nilishona suruali ya kuvaa ndani ya rinda, maana upepo wa Isiolo hauna adabu. Upepo huo ndio ulikuwa saa yetu. Alfajiri mpaka saa nne asubuhi hewa imetulia, unaweza kupaka. Baada ya hapo vumbi linakuja na kukaa kwenye rangi mbichi, na jina la duka linabaki na ngozi ya kenge. Saa zilizobaki tulisugua mbao kwa msasa, tukachemsha mafuta ya kitani, tukatengeneza brashi. Brashi za dukani zilikuwa za kupaka nyumba, pana kama mkono. Za mistari myembamba tulizitengeneza wenyewe kwa nywele za sikio la ng'ombe, tukazifunga kwa uzi kwenye kijiti. Nyeusi tulipata kwa masizi ya taa. Nyekundu ilikuwa inatutesa, jua la hapa linaikula kwa mwaka mmoja, na buchari nyingi zilianza na nyama nyekundu zikaishia na nyama ya waridi. Mzee Warsame alinifundisha pia kutembea na fimbo fupi yenye kichwa cha kitambaa, unaiegemeza ukutani na mkono unapumzika juu yake. Ninyi mna mashine, mkono wenu haupumziki kwa kuwa haufanyi kazi. Nasema tu.

Kazi ngumu zilikuwepo. Mwenye hoteli mmoja alitaka kikombe cha chai ukutani, na alitaka moshi wa chai uonekane. Nilichora kikombe kikubwa, chai imejaa mpaka ukingoni, moshi unapanda kama uzi. Kilikuwa kizuri mno. Wateja wakaanza kulinganisha. Mmoja alibeba kikombe chake nje, akakiinua pembeni ya kile cha ukutani na kumwita mwenye hoteli aje aone tofauti. Baada ya wiki mbili nikaitwa kurudi kupunguza chai. Nadhani ni mimi peke yangu katika wilaya nzima niliyewahi kuitwa kupunguza chai kwa brashi.

Jina langu likaenea, na mimi nikaanza kuringa. Watu walikuwa wakiuliza, "Mama Rangi, hizi vitu unatoa wapi?" Nami nilinyoosha kidole na kugusa paji la uso. Kichwani. Nilipenda sana kufanya hivyo. Mzee Warsame aliniona nikifanya, akaendelea kuchora mstari wake wa chaki.

Ukweli ni kwamba kichwani kwangu hamkuwa na kitu. Siku ya soko la mifugo nilikuwa naenda na mkaa na karatasi za mifuko ya saruji, nakaa kwenye ukuta wa mazizi na kuchora migongo, kwato, mikia, jinsi ngamia anavyokunja goti akiwa amechoka. Tukitumwa kazi ya mbali nilichora huko pia. Mzee Warsame alinilazimisha jambo moja tu, kuandika pembeni mahali nilipoona. Nilidhani ni uzee.

Sasa, Yusuf. Alikuwa kijana wa mtaa wa Wabera, hapa mjini, aliyekuwa amefungua buchari yake ya kwanza, ukuta mweupe, ndoano mpya, mizani inang'aa. Mkewe alikuwa mjamzito. Alitaka ng'ombe.

"Nataka ngombe," akasema, "mtu akitoka msikitini akiangalia tu, anakumbuka nyumbani hakuna mboga."

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumeenda Leparua kuandika jina kwenye mlango wa shule, na kwenye birika la maji nilikuwa nimemwona ng'ombe aliyenifanya niweke chini chakula. Mweupe, na madoa mekundu yametawanyika, moja kubwa kwenye mbavu kama kiganja kilichofunguliwa, na mstari mwembamba umepita juu ya nyonga. Nilimchora haraka. Lakini alikuwa anakunywa, kichwa kimezama ndani ya birika, na kabla hajamaliza dereva aliyetuleta akatuita. Nikarudi na ng'ombe asiye na kichwa.

Ndiye niliyemweka kwa Yusuf. Kichwa nikakitafuta, na siku zilikuwa zinanibana, na nyumbani kulikuwa na kopo la samli lenye picha ya ng'ombe wa Ulaya, mnene, mwenye pembe fupi zilizojikunja. Nikachukua pembe zile. Nani angejua?

Siku ya tatu baada ya kumaliza, mzee mmoja wa Kiborana alikuja mjini na mbuzi wa kuuza. Jina lake Guyo, kutoka upande wa Garbatulla. Alipita mbele ya buchari, akasimama, akarudi nyuma. Yusuf ndiye aliyenisimulia. Mzee aliweka mkono juu ya lile doa la mbavu, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri, kwa hiyo alama za vidole vyake zikabaki pale.

"Hii ngombe yangu," akasema.

Yusuf akacheka. "Mzee, hiyo ni rangi."

"Rangi najua. Nauliza nyama iko wapi."

Yusuf hakucheka tena. Mzee Guyo alieleza kwa sauti ya kawaida, kwa kila aliyesimama. Ng'ombe wake alipotea mvua iliyopita, walipokuwa wanahamisha mifugo. Alimpokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa. Mama yake alikuwa na doa lilelile, na mama wa mama yake pia. Hakuna ng'ombe mwingine wa namna hiyo, na sasa ngozi yake iko kwenye ukuta wa mtu anayeuza nyama. Wasikilizaji walikuwa wafugaji, hakuna hata mmoja aliyeona maneno hayo kuwa ya ajabu. Mmoja mmoja wakaondoka bila kununua. Ilipofika adhuhuri nyama ya Yusuf ilikuwa inaning'inia na nzi tu, na chifu akatuma niitwe.

Mzee Warsame alikuja nami. Tulikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Yusuf alikuwa amesimama mlangoni, aproni yake bado nyeupe, na mkewe amekaa ndani kwenye kreti.

Chifu akanyooshea ukuta kidole. "Mama Rangi. Hii ngombe ulitoa wapi?"

Kidole changu kilikuwa kimeanza kupanda kwenye paji la uso. Mazoea. Nikakiona kinapanda na nikakishusha. Nikisema kichwani, Yusuf amekwisha, maana mzee angeuliza kichwa gani kinachoweza kubuni ng'ombe wake doa kwa doa, na kila mtu angejibu kwamba nilimchora akiwa kwenye ndoano. Nikisema kweli, Mama Rangi amekwisha. Nilimtazama Mzee Warsame anisaidie. Alikuwa anakagua herufi zake.

"Nilimwona Leparua," nikasema. "Kwenye birika. Akiwa hai."

"Ulichora hii yote huko?"

"Mwili."

"Na kichwa?"

Sijui kwa nini ilikuwa ngumu hivyo. "Kichwa ni cha kopo la samli."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka barabarani, na niliwasikia wa nyuma wakiuliza na wa mbele wakiwarudishia, kopo la samli, kopo la samli, na nikatamani ngazi iniangukie. Ni mzee Guyo peke yake ambaye hakucheka. Alisogea karibu na ukuta akaziangalia pembe.

"Nilijua," akasema. "Hii pembe ni ya ngombe mgonjwa."

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na karatasi za saruji. Chifu alizifungua moja moja mbele ya watu, picha zangu zote mbichi, zilizokosewa, kwato tano mahali pa nne. Akaipata. Mwili bila kichwa, doa, mstari wa nyonga, na pembeni mwandiko wangu: Leparua, birika la karibu na shule, asubuhi.

"Hii inaonyesha ulimwona," chifu akasema. "Haionyeshi yuko wapi leo. Kesho mtaenda."

Yusuf akafunga buchari. Alfajiri wakaondoka, yeye, mzee Guyo pamoja na mbuzi wake, na askari mmoja wa chifu. Mimi nilibaki na kazi ya kuandika mlango wa lori, na siku hiyo niliandika jina la mwenye lori nikaruka herufi moja. Mzee Warsame alilifuta kwa kitambaa chake cha mafuta ya taa.

"Kama hayuko huko?" nikamuuliza.

"Basi hayuko. Lakini umesema ulichoona." Akanirudishia brashi. "Miaka yote unagusa kichwa. Mimi naangalia naona aibu. Mungu ameumba ngombe, wewe unasema wewe."

Huo ndio ulikuwa ukali wake wote, katika miaka kumi na miwili.

Walirudi siku ya pili alasiri. Nilimwona kwanza Yusuf, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anatembea kama mtu aliyeshushwa mzigo. Ng'ombe alikuwa amejichanganya na mifugo ya familia moja kule, na wenyewe walikuwa wamemtunza pamoja na ng'ombe wao, wakatuma habari kwa wachungaji kwamba kuna mgeni zizini. Habari ilizunguka ikafika kila mahali isipokuwa Garbatulla. Na alikuwa amezaa. Mzee Guyo alikwenda kutafuta ng'ombe mmoja akarudi na wawili, akawaachia wale watu mbuzi wake kwa shukrani.

Nilidhani mambo yameisha. Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, mzee Guyo aliniita kwenye buchari. Alikuwa amemleta ng'ombe mwenyewe, amesimama mbele ya ukuta, ndama anasukuma chuchu.

"Sasa tengeneza," akasema.

Nikapanda ngazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchora ukutani mbele za watu huku nikiangalia kitu chenyewe. Nilifuta pembe za samli. Za kweli zilikuwa ndefu, zimepanda kama mikono ya mtu anayeomba dua, na moja ilikuwa na mkwaruzo karibu na ncha. Kila nilipokosea mzee alisema, "Hapana," na nilifuta. Aliniambia sikio la kulia lina tundu, nikaweka tundu. Akaniambia jicho langu linaonekana limeshangaa, ng'ombe huyu hashangai. Nikarekebisha. Wapita njia wakachangia. Kufikia saa nne nilikuwa nimepata walimu wapatao ishirini, na upepo ulipoanza nilikuwa nimemaliza, na nilijua ni mnyama wa kwanza niliyewahi kumchora vizuri.

Mzee Warsame, ambaye kwa kawaida alinipa mgongo nikichora wanyama, alimtazama huyu kwa muda mrefu. "Anaitwa nani?" akamuuliza mzee Guyo.

"Buure." Kwa Kiborana ni mwenye madoa.

"Nitaandika," Mzee Warsame akasema, na akachovya brashi.

Yusuf akatoka mbio. "Mzee, tafadhali. Hii ni buchari. Mkiandika BURE juu ya ngombe, nitafanya nini?"

Tulicheka mpaka nikashika ngazi. Jina halikuandikwa. Lakini mzee Guyo alipendezwa na wazo hilo, na kila alipokuja mjini alimwuliza Yusuf kama ameshabadilisha mawazo.

Tangu hapo nilipoulizwa nilijibu nilikoona. Ngamia huyu ni wa kisimani kwa fulani, kuku huyu ni wa jirani, ana tabia mbaya. Sikupoteza mteja. Wengine walianza kuleta wanyama wao kunionyesha, na nikajifunza kumwuliza mwenye mnyama kabla ya kuuliza macho yangu. Mchungaji humwona ng'ombe wake kwa miaka, mimi humwona kwa dakika tano. Mzee Warsame alifariki nikiwa nimeshaanza kuandika herufi zake bila yeye kuzifuta, na nililia kama aliyefiwa na baba.

Kisha miaka ya themanini ilipofika katikati, mvua ilikataa. Sitasimulia mengi, wenye umri wangu wanajua na ninyi mmesikia. Barabara ya kutoka mashariki ilikuwa na mizoga pande zote. Kazi ya kuchora ilikauka pia, maana nani anaandika jina la duka lisilo na kitu.

Asubuhi moja mzee Guyo alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa na fimbo tu. Nilimkaribisha, nikampa chai, tukasalimiana sana, habari za watoto, za mama, za safari. Za mifugo sikuuliza. Mwishowe akasema mwenyewe.

"Zimeisha. Buure pia."

"Pole, Mzee."

Akakubali kwa kichwa. Halafu akauliza kama bado ninazo zile karatasi za saruji. Nikasema ninazo.

"Mimi nitasema, wewe chora," akasema. "Watoto wa watoto wangu hawatajua zilikuwa namna gani."

Tulikaa siku tatu. Alianza na ng'ombe wa kwanza aliyepewa na baba yake, akaja kwa binti zake, na binti za binti. Alifumba macho. Alisema rangi, pembe, jinsi anavyotembea, nani alikuwa mkorofi kwenye maji. Nilichora na kumsomea nilichochora, yeye akisema hapana, au akinyamaza, na kimya chake nilijua ni ndiyo. Sikubuni hata unywele. Tukikosea tulirudi nyuma kwa mama yake ng'ombe huyo, tukaanza tena. Alipofika kwa Buure alifumbua macho akanitazama nikichora, na sikuhitaji kuuliza lolote.

Wa mwisho alikuwa ndama wa Buure, wa pili, aliyezaliwa ukame ukiwa umekolea.

"Rangi gani?" nikauliza.

"Alikufa siku ileile. Tulikuwa tunahangaika na mama yake. Sikumwangalia."

Mkaa ulikuwa mkononi. Ningeweza kumpa madoa ya mama yake, mkono wangu ulikuwa unayajua. Nilimwuliza nifanye nini.

"Acha mahali pake," mzee Guyo akasema.

Nikaacha sehemu tupu kwenye karatasi, chini ya tumbo la Buure, kiasi cha ndama mmoja aliyesimama. Mzee akaisogeza karatasi karibu na uso, akapima kwa kiganja, akaniambia ni kubwa kidogo, alikuwa mdogo zaidi ya hapo. Nikasogeza mguu wa mama yake ndani, na yeye akanyamaza.